Sanduku la Mngoni

Chang'ombe, Dar es Salaam
2 Mei 1972

Mama Margareta,

Mie mzima, na mikono yangu yote miwili ninayo. Ukisikia huko Newala kwamba kwenye karakana yetu mtu karushwa ukutani, ni kweli, ila alikuwa mzee Marselino na ameshapona. Aligusa ile mashine mpya ya kukatia magogo iliyonunuliwa na ushirika, umeme ukamrusha, akaangukia vinyago vilivyopangwa kando. Pembe ya kinyago kimoja ilimwingia ubavuni. Tulimfunga kitambaa, damu tukaifunika kwa vumbi la mpingo, kazi ikaendelea.

Mwenyekiti wetu Romani akamwita fundi umeme. Sasa nani kaja? Mngoni! Mtani wetu kabisa, anaitwa Albano, kwao Peramiho. Kufika mlangoni akatukuta tumekaa chini miguu peku, kila mtu kabana gogo lake kwa nyayo. Akasema, "Nyie Wamakonde, hata viatu mnaviogopa?" Nikamjibu, "Viatu tuliwapa babu zenu wakimbilie vitani." Watu wakacheka mpaka Romani akagomba.

Mngoni huyo kafunga kisanduku cheusi ukutani, juu ya soketi ya mashine. Anasema umeme ukivuja kwenye mashine ukataka kupita mwilini mwa mtu uende ardhini, kisanduku kinaukata hapohapo, mtu asife. Anasema kila soketi ya karakana yenye maji inatakiwa iwe nacho, ndivyo alivyofundishwa. Sawa. Lakini kinakata asubuhi, kinakata mchana, na kila kikikata gogo limekwama katikati. Tunamwita Albano. Anakuja, anatazama sakafu, anatutukana, anachukua tumbaku yetu, anakwenda zake. "Kausheni sakafu, vaeni viatu, mashine imelowa tumboni, ipelekeni ikatengenezwe." Unajua mwenyewe magogo lazima tuyafunike magunia ya maji yasipasuke, na vumbi la mpingo usipolimwagia maji linakula pua. Na nani atachonga na viatu? Gogo utalibana kwa nini, kwa meno?

Mie nimeshamjua. Mtani akiona una kitu anakishika mpaka umkomboe. Huyu kashika umeme wetu. Akishiba tumbaku atauachia.

Vinyago vya maonyesho ya Saba Saba vikiisha nitatafuta chumba hapa Temeke, uje na mtoto.

Mumeo,
Nikodemu


Newala
14 Mei 1972

Baba Margareta,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikumpelekea mtu. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima kaiona bahasha, kasema mwandiko wako ungekaa darasani kwetu ungerudishwa nyuma. Shika hiyo kwanza.

Huku hakuna raha. Juzi mgambo wamempiga jirani yetu hadi kazimia kwa kutokwenda shamba la kijiji. Walimpiga mbele ya watoto wake. Nimechoka kuona watu wanapigwa, kwa hiyo usiniandikie habari za kurushwa ukutani ukidhani nitacheka.

Huyo mtani nataka nikuulize kitu kimoja. Unakumbuka babu yangu alipokufa? Watani walikuja wakalala ndani ya kaburi, wakakataa kutoka, maiti imesubiri juani mpaka baba akatoa majogoo. Hakuna aliyewagusa, maana mtani msibani hapigwi wala hakasirikiwi. Lakini mmoja wao palepale aliona nyoka karibu na mguu wa bibi. Alisema "nyoka", na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. Bibi aliruka bila kuuliza.

Sasa Albano akisema habari ya mashine na maji, macho yake yanacheka au hayacheki? Nijibu hilo tu.

Mkeo,
Sesilia


Chang'ombe
25 Mei 1972

Mama Margareta,

Macho yake sikuyatazama. Mwanamume atamtazamaje mwanamume machoni? Lakini jambo lenyewe limekwisha.

Jumatatu tulikuwa tunakata gogo lililotoka Mikindani, nene kuliko lolote tulilowahi kupata. Romani alikusudia lichongwe watu waliopandana mabegani, wazee kwa watoto, liwekwe mlangoni pa maonyesho. Msumeno umefika nusu, kisanduku kikakata. Romani akawasha kwa hasira, msumeno ukapiga pembeni, gogo likapasuka hadi moyoni. Sijawahi kumwona mtu akilia kwa ajili ya mti. Albano alipoitwa alisimama mlangoni akasema, "Sanduku langu zima. Mashine yenu ndiyo inataka kuua mtu, na leo imeanza na mti."

Romani akachukua mpini wa shoka. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, meno mawili yakatoka. La pili begani, la tatu sikuliona. Albano akainama, akayaokota meno yake kwenye maji, akatuonyesha, akasema, "Haya, chongeni na hizi pembe za ndovu." Tulicheka, Mama Margareta! Damu inamchuruzika hadi kwenye suruali na bado anatania. Utafanyaje? Mie sikumpiga.

Alipoondoka, Romani akapitisha kipande cha waya nyuma ya kisanduku, umeme ukawa haupiti tena humo. Tangu siku hiyo mashine haijazima. Ukiigusa inauma kidogo, kama siafu. Tumezoea. Romani kanikabidhi mie niisimamie, maana wengine wanaiogopa. Anasema Saba Saba watu watauliza hiki kakata nani, naye atanionyesha mie.

Nikodemu


Chang'ombe
29 Mei 1972

Kwa Sesilia, mke wa Nikodemu,

Hunijui. Mimi ndiye Albano, fundi umeme, mtani wenu. Anwani yako nimeisoma kwenye bahasha aliyokuwa akiipeleka mumeo posta. Desturi inataka nianze kwa kukutukana, lakini mdomo wangu umeshonwa na utani wa kalamu siuwezi.

Sijui mumeo kakuandikia nini. Pengine hakukwambia kwamba Romani aliponipiga, aliyenishika mikono kwa nyuma ni yeye. Alikuwa anacheka, hata pumzi yake niliisikia shingoni. Aliona tunacheza. Nilikasirika sana siku ile na bado nina hasira, ila si hilo lililonishikisha kalamu.

Nieleze kwa kifupi. Umeme wakati wote unatafuta njia ya kwenda ardhini. Mashine ile imeingia maji ndani, umeme unavuja hadi kwenye chuma cha nje. Mtu mwenye viatu vikavu kwenye sakafu kavu ni njia mbaya kwake. Mtu peku, kwenye maji, ni njia nzuri sana. Lile sanduku lilikuwa linanusa uvujaji na kuukata kabla haujamfanya mtu kitu. Kila lilipokata, kulikuwa na mtu ambaye angeumia. Sasa wamelipitia nyuma kwa waya, mzee Marselino kaniambia. Wanasema mashine inauma kama siafu, na ni kweli, kwa sasa. Siku uvujaji ukizidi mkono wake utafumba juu ya chuma na hautafumbuka. Umeme hukaza misuli. Atakuwa amesimama pale anawaona wenzake wote na hawezi kuita.

Kila nikisema, wanacheka. Nikinuna wanasema naigiza vizuri. Nimekwenda kwa afisa ushirika wa serikali, kaniambia nipeleke malalamiko baada ya Saba Saba. Wewe si mtani wake. Wewe ukisema atajua si utani.

Nijibu kwa anwani ya parokia ya Chang'ombe.

Albano


Newala
10 Juni 1972

Nikodemu,

Leo sikuiti Baba Margareta. Hukumpiga, ulimshika. Umeniandikia neno la kweli ili unifiche, na mie mpumbavu nikacheka mwenyewe jikoni habari ya pembe za ndovu.

Toka kwenye mashine hiyo. Si baada ya Saba Saba, leo, hivi unavyosoma, weka barua chini utoke. Kama Romani anaipenda aisimamie yeye na mkewe. Kachonge kwa tezo kama baba yako alivyochonga, tule mihogo, sijali. Sitaki kuonyeshwa Saba Saba. Nataka mume.

Na umwombe radhi yule mtu. Si kwa utani. Umwombe hasa.

Usiponijibu nitakuja kukutoa humo kwa sikio, mbele ya hao wanaokuona jasiri.

Sesilia


Chang'ombe
13 Juni 1972

Ndugu Sesilia,

Kwa niaba ya ushirika wetu wa wachongaji ninasikitika kukuarifu kwamba mumeo, Ndugu Nikodemu, alifariki ghafla tarehe 9 Juni akiwa kazini. Moyo ulisimama. Hakuteseka. Kwa kuwa Newala ni mbali na joto la hapa unalijua, tulimzika kesho yake makaburi ya Temeke kwa heshima zote.

Ninakutahadharisha kuhusu fundi mmoja aitwaye Albano. Amekuwa akihujumu kazi ya ushirika kwa muda, na siku ile alimshambulia marehemu kwa ubao mbele ya mashahidi. Vijana walimwadabisha. Mazishini alifanya vituko vya aibu. Akikuandikia, usimsikilize.

Tezo na nguo za marehemu tumezihifadhi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Romani, Mwenyekiti


Newala
24 Juni 1972

Albano,

Moyo wa Nikodemu naujua mie, nililala na sikio juu yake. Haukuwa moyo wa kusimama wenyewe.

Romani anasema ulimpiga mume wangu kwa ubao. Je, ulimpiga? Niambie alivyokufa, yote, usinipunguzie kwa kuwa mie mwanamke. Na usinitanie. Nikiona utani hata mstari mmoja, barua nitaichoma.

Sesilia


Dar es Salaam, hospitali
30 Juni 1972

Sesilia,

Ndiyo, nilimpiga. Nakueleza.

Nilikwenda karakana kuchukua koleo zangu za umeme nilizoziacha siku ya mpini wa shoka. Nilipotokea mlangoni, Nikodemu alikuwa kwenye mashine, ameishika kwa mikono miwili, mwili wote unatetemeka, meno yamebana, macho yametoka. Wenzake walikuwa wanacheka. Walidhani kaniona mlangoni, ananiigiza mimi na maneno yangu ya umeme. Mmoja akaniambia, "Ona, Mngoni, mgonjwa wako huyo!" Walikuwa wanapiga makofi, Sesilia. Ulisema nisikupunguzie.

Ukimgusa mtu wa namna ile kwa mkono mtupu unakufa naye. Nilipiga kelele wazime swichi kuu, wakazidi kucheka. Nikachukua ubao mkavu nikampiga mikononi ili aachane na chuma. Nilimpiga kwa nguvu zangu zote, nadhani mkono mmoja niliuvunja. Hapo ndipo walipoacha kucheka. Waliona Mngoni analipiza kisasi. Walinivamia wote, kwa magogo, kwa ngumi, mmoja kwa kisigino cha tezo. Nikiwa chini, chini ya miguu yao, nilimwona bado ameshika, na moshi unatoka viganjani. Mzee Marselino ndiye aliyesikia harufu. Alikimbilia swichi kuu akazima. Nikodemu akaanguka kwenye maji karibu na uso wangu. Nilimwita. Hakunijibu.

Polisi walikuja, wakaambiwa moyo, wakaandika moyo.

Kesho yake nilikwenda mazishini na mbavu zilizovunjika, nimejifunga shuka. Hakuna aliyeniita, lakini mtani haitwi. Jeneza lilipofika nikashuka kaburini nikalala. Walidhani ndiyo desturi, wakaanza kunirushia senti wakicheka kwa huzuni. Nikazirudisha juu. Nikasema, "Leo sitaki jogoo. Nataka mseme nani kaweka ule waya, na mniahidi mtautoa. Bila hivyo mtatuzika wawili."

Wakajua hiyo si sauti ya utani. Romani akashika beleshi, akanimwagia udongo usoni, wa kwanza, wa pili, mdomo ukajaa. Watu wakapiga kelele kwamba mtani msibani hapigwi. Romani akaruka ndani akanipiga kwa beleshi mguuni chini ya goti. Mfupa niliusikia. Hapo mzee Marselino akashuka, akamsukuma pembeni, akalala ubavuni kwangu kwenye udongo ule na uzee wake. Akasema, "Waya tumeuweka sisi. Romani aliupitisha na mie nilimshikia taa. Mngoni alisema, tukacheka."

Ndivyo nilivyotolewa, na Nikodemu akazikwa. Marselino ameshautoa ule waya, nilimwelekeza kutoka kitandani hapa. Lakini sanduku limeanza kukata tena, mashine haijatengenezwa, na Romani anawaambia watu kwamba mimi nina kichaa na Nikodemu alikuwa na moyo mbovu. Marselino anasema nusu yao wanamwamini. Wiki hii au ijayo watarudisha waya. Atakayesimama mahali pa Nikodemu ameshachaguliwa.

Mguu wangu hawajui kama utapona.

Albano


Chang'ombe
15 Julai 1972

Mtani,

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, uvumilie mwandiko. Wa kulia una ganzi.

Nimefika siku nne zilizopita na Margareta. Kaburi nimeliona. Kwenye nguo za Nikodemu nimeikuta barua yangu ya mwisho, haijafunguliwa. Nilikaa nayo kidogo, kisha nikaenda karakana.

Niliwakuta wote. Romani alinipokea kwa pole nyingi, akanipa tezo ya mume wangu, akaniambia tena habari ya moyo. Nyuma yake mashine imezima, gogo limekwama, kisanduku chako kimekata. Mkononi ameshika kipande cha waya. Mtani, mtu huyo alikuwa ananipa pole na waya ule uko mkononi mwake!

Nikamwambia mzee Marselino awashe. Nikavua ndala. Nikasimama kwenye maji pale alipokuwa akisimama Nikodemu, chuma bado kina alama ya kuungua. Nikawaambia, "Kama mume wangu aliuawa na moyo, chuma hiki hakina kitu. Kama aliuawa na umeme na sanduku ni la kichaa, mtanizika mie na Romani atawaandikia barua kwetu." Margareta nilimwacha nje kwa mke wa Marselino. Usinigombeze. Najua ungenikataza, ndiyo maana sikupitia hospitali kwanza. Nililala usiku kucha na barua yako, nikaamua kukuamini.

Nikashika.

Ilinipiga pigo moja mpaka begani, nikapiga yowe, na papo hapo mashine ikazima. Sanduku limekata. Mkono wangu ukafunguka wenyewe. Nilikuwa nimesimama, nawaona wote, na niliweza kuita. Nikaita jina la Nikodemu.

Hakuna aliyecheka. Nikamwambia Romani, "Sasa funga waya wako, ushike wewe." Akarudi nyuma. Nikamwambia tena. Akautupa waya akakimbilia mlangoni, na hapo walioamini moyo mbovu hawakuhitaji kuambiwa lingine. Walimkamata mlangoni. Walimpiga kwa vilevile walivyokupigia wewe, kwa magogo, na kijana aliyechaguliwa kusimamia mashine ndiye aliyepiga zaidi, huku analia. Nilichelewa kuwazuia. Nilichelewa makusudi, Mungu ananiona. Nilipoona atakufa nikajitupa juu yake, nikala mapigo mawili yasiyo yangu, wakaacha. Kesho yake Marselino alikwenda polisi kuandikisha habari ya waya. Mashine imepelekwa kutengenezwa, sakafu wanachimba mfereji maji yatoke, na sanduku hakuna atakayeligusa, maana wachongaji wamelichongea kizimba cha mpingo na kuandika juu yake jina la mume wangu.

Romani wamemlaza wodi yako. Akipelekwa kitanda cha jirani usimpige. Mtanie tu, kila siku, mpaka atakapotoka.

Kesho nitakuja na uji. Nimekuletea pia tumbaku, maana Nikodemu alisema ndiyo unayoitaka. Alikudharau kwa hilo, na alikushika mikono, nami ninakuomba radhi kwa niaba yake, kama nilivyomwandikia afanye.

Pigo lile, mtani, ni moja tu. Linauma, unalia, halafu unaishi. Nikodemu angelipata hilo akakutukana mpaka jua kuchwa.

Sesilia